Macho Kwanza: Kujipodoa Siku za Kazi Ukiwa na Ngozi ya Chunusi

Mwenye chunusi akikaa mbele ya kioo, mkono wake wa kwanza huenda kwenye fondesheni. Anapaka tabaka moja, haridhiki, anaongeza la pili, anagandamiza na poda. Kufika saa nne asubuhi, akiwa ameshabanwa kwenye taksi na jua limeanza kuwaka, jasho limeichora mistari na vile vipele vinaonekana vikubwa kuliko alivyoamka navyo.

Mimi napodoa watu hapa Kampala, na wateja wangu wa siku za kazi nawafundisha kinyume cha hapo: ngozi ipake kidogo iwezekanavyo, macho ndiyo yabebe urembo. Anayezungumza nawe anakutazama machoni. Nyusi zikiwa zimekaa, wanja umenyooka na kope zimesimama, hakuna atakayehesabu chunusi za kidevu.

Haya si mapambo ya kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Siku ile kuna kamera, kuna taa, na kuna shangazi wa kukufuta jasho kila baada ya muda. Hapa nazungumzia asubuhi ya Jumatatu, una dakika kumi na tano na boda anapiga honi nje ya geti.

Hatua ya 1: Safisha uso, usiusugue

Maji ya kawaida, kisafishaji laini kisicho na manukato makali, vidole vyako. Basi. Ule wavu wa kuogea uachie mgongo. Sabuni za vipande za kuua vijidudu, zile familia nzima inaogea, hukausha ngozi ya uso, na ngozi iliyokauka itawaka moto usiku utakapoipaka dawa ya chunusi. Asubuhi na jioni inatosha. Kuosha mara tano kwa siku hakupunguzi chunusi hata moja.

Kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi ambacho ni chako peke yako.

Hatua ya 2: Losheni nyepesi, halafu kinga ya jua

Mafuta ya nazi yaweke mbali na uso huu. Ni mazito na huziba vinyweleo. Moo yaa, mafuta ya shea yanayotoka kaskazini, Lira na Gulu huko, nayapenda sana kwa viwiko na miguu, lakini asubuhi, chini ya vipodozi, kwenye uso wenye chunusi, siyapaki. Tafuta losheni ya majimaji iliyoandikwa kwamba haizibi vinyweleo.

Kinga ya jua ndiyo watu wa rangi yetu wanairuka, eti weusi wetu unatutosha. Weusi unasaidia kiasi, lakini hauzuii madoa. Chunusi ikipona kwenye ngozi nyeusi huacha doa, na jua hulikoleza doa hilo likakaa miezi. Kampala iko karibu na ikweta na iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Jua lake linafika hata siku ya mawingu. Chukua yenye SPF 30 au zaidi, namba hiyo ya koponi ndiyo nguvu ya kinga, chora mstari mmoja kwenye kidole cha shahada na mmoja kwenye cha kati, hicho ndicho kipimo cha uso na shingo. Ukishinda nje, kwa mfano una meza sokoni, rudia kila baada ya saa mbili.

Ukiweza, nunua ile yenye rangi ya kahawia ndani yake. Rangi hiyo ni oksidi ya chuma, nayo huzuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, ambao kwenye ngozi nyeusi unachangia madoa. Faida ya pili unaiona mwenyewe kwenye kioo: imesawazisha rangi ya uso, na fondesheni huihitaji tena.

Hatua ya 3: Konsila juu ya doa tu

Tumia brashi ndogo yenye ncha, si kidole. Chukua konsila, ile krimu nzito ya kufunika madoa, ya rangi yako halisi. Ikiwa nyeupe kuliko uso, chunusi itang'aa kama taa ya boda. Gusa katikati ya doa, iache ikauke kidogo, kisha gongagonga ukingo wake tu hadi mpaka upotee. Ukisugua, umeiondoa. Chunusi iliyopasuka au yenye usaha usiipake kitu, iache wazi.

Poda weka puani na kwenye paji la uso kama unatoka mafuta, kidogo sana. Ngozi imeisha.

Hatua ya 4: Nyusi

Zichane kuelekea juu kwa brashi yake, jaza mapengo kwa penseli ya kahawia iliyokoza, vistari vifupi vinavyofuata nywele zinakoelekea. Nyeusi tii hufanya uso uonekane umekasirika. Mwanzo wa nyusi, karibu na pua, uwe mwepesi kuliko mkia.

Hatua ya 5: Rangi ya macho

Rangi moja yatosha: kahawia isiyong'aa, inayozidi rangi ya ngozi yako kidogo. Pitisha kwenye mkunjo wa jicho kwa brashi laini, mbele nyuma, hadi usione inapoanzia. Ukitaka kung'aa, weka tone la dhahabu katikati ya kifuniko cha jicho kwa ncha ya kidole. Usimalize asubuhi yako hapa.

Hatua ya 6: Wanja

Hapa ndipo penye kazi, tena ndipo mikono hutetemeka.

Kioo usikishike mbele ya uso. Kilaze mezani, chini ya kidevu, kisha ukitazame kwa chini. Jicho linajifunga nusu lenyewe na ngozi ya juu inanyooka bila kuivuta kwa kidole. Tuliza kiwiko mezani, kidole kidogo cha mkono huo kiegemee shavu. Penseli ikiwa ngumu, iviringishe nyuma ya mkono mara chache ipate joto.

Sasa usichore mstari. Gonga nukta ndogo kati ya mizizi ya kope: ya kwanza pembeni kwa nje, ya pili katikati, ya tatu kuelekea pua. Rudi ujaze nafasi kwa nukta nyingine, ndogo ndogo, hadi zishikane zenyewe. Mkono unaotetemeka ukipiga nukta hauonekani. Ukivuta mstari unaonekana hadi Entebbe. Ukimaliza, chukua brashi nyembamba iliyochovywa kwenye ile rangi ya kahawia, pitisha juu ya wanja. Poda hiyo ndiyo inayoushika usishuke mchana. Mkia wa pembeni, ukiutaka, uelekeze mwisho wa nyusi, mfupi.

Wanja wa ndani, ule wa kupaka kwenye ukingo unaogusa maji ya jicho, usiufanye wa kila siku. Kwenye ukingo huo kuna vitundu vya tezi za mafuta yanayolinda jicho lisikauke. Ukiviziba kila asubuhi, jicho huanza kuchoma na kuwasha, na chokea hazikauki. Kaa nje ya mizizi ya kope.

Kuhusu wanja wa manga wa unga, najua bibi zetu waliupaka na wengine bado wanawapaka watoto wachanga. Aina nyingi za wanja wa jadi zimepimwa katika nchi mbalimbali zikakutwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na kwa mtoto ni hatari zaidi kwa sababu huathiri ubongo unaokua. Unga uliofungwa kwenye karatasi bila jina la mtengenezaji usiuweke jichoni, hata kama muuzaji ni jirani yako.

Hatua ya 7: Kope

Bana kope kwa kibanio kwanza, kabla ya maskara. Ukibana baada ya maskara utazikata. Futa brashi kwenye mdomo wa chupa, iweke kwenye mizizi, itikise kushoto na kulia, halafu ivute juu. Mara moja au mbili. Usiipige brashi ndani ya chupa juu chini, unaingiza hewa na maskara inakauka upesi.

Ile isiyotoka kwa maji iweke kwa siku za mvua za Aprili au siku ya msiba. Ya kawaida hutoka jioni bila kukung'oa kope. Kope bandia za gundi kila siku siziungi mkono, ingawa ndizo zinazoniletea pesa.

Anayevaa lenzi za machoni azivae kabla ya kuanza, na jioni azitoe kabla ya kufuta.

Hatua ya 8: Kutoa, usiku

Lowesha pamba kwa maji ya kutolea vipodozi, iweke juu ya jicho lililofungwa, hesabu polepole hadi ishirini, ndipo uvute kwa chini. Usisugue kwenda na kurudi. Kilichobaki kwenye mizizi ya kope kimalizie kwa kijiti cha pamba. Kama huna maji hayo, vaselini kidogo hufanya kazi, kwenye kope peke yake. Kisha osha uso mzima kwa kisafishaji chako, kwa sababu kinga ya jua na vumbi la barabarani haviondoki kwa maji matupu.

Hatua ya 9: Dawa

Uso ukishakauka kabisa, upe nafasi ya kutibiwa. Kwa vipele vyekundu na vya usaha, omba famasi benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5. Ya asilimia 10 haikupi faida kubwa ya ziada, inakukausha tu. Na ujue inapausha nguo: foronya, hijabu, shingo ya gomesi, lile gauni letu la Kiganda. Lala kwenye foronya nyeupe.

Kwa vipele vidogo visivyo na usaha na vile vyenye vichwa vyeusi, adapaleni ya asilimia 0.1 ni nzuri. Kiasi cha punje ya njegere kinatosha uso mzima, usiku mmoja upake, mmoja upumzike, hadi ngozi izoee. Iweke mbali na pembe za macho, pua na mdomo. Wiki za kwanza uso unaweza kuchafuka zaidi. Wengi huachia hapo. Hesabu wiki 8 hadi 12 ndipo uamue kama dawa imekufaa. Mjamzito, au anayetafuta mimba, asiguse adapaleni. Amuulize mfamasia kuhusu asidi ya azelaiki, ambayo inapunguza na madoa pia.

Vipele vidogo vinavyolingana, vinavyowasha, vimejaa kwenye paji la uso na kifua, mara nyingi ni fangasi, si chunusi. Dawa hizo mbili hazitavimaliza. Na kabla ya dawa yoyote ya paji la uso, angalia jeli na mafuta unayopaka kwenye rasta. Yanateremka na jasho. Angalia pia helmeti ya boda, imevaliwa na vichwa vingapi leo? Tembea na kitambaa chepesi cha pamba cha kuvaa ndani yake, kifue kila jioni.

Limau, dawa ya meno, sukari ya kusugulia: hapana, hapana, hapana. Limau na jua pamoja huunguza ngozi.

Halafu kuna mkorogo. Krimu zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku na UNBS, shirika letu la viwango, lakini ukipita Kikuubo, mtaa wa maduka katikati ya Kampala, bado utaonyeshwa kitu cha chini ya meza. Zebaki huharibu figo. Nyingine zina steroidi kali. Wiki ya pili uso unatakata na unashangilia, ukiacha unalipuka vipele kuliko mwanzo, ngozi imekuwa nyembamba, mishipa inaonekana. Zikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu zinaweza kupandisha shinikizo la jicho na kuharibu uwezo wa kuona. Ukikuta kopo halina orodha ya viambato, halina tarehe, na linaahidi weupe kwa siku saba, lirudishe. Aliyekwisha kutumia krimu ya steroidi kwa miezi asiache ghafla peke yake, amwone daktari wa ngozi. Mwenye vinundu vya ndani vinavyouma au makovu vilevile. Hospitali ya Mulago, hapa Kampala, kuna kliniki ya ngozi.

Hatua ya 10: Vyombo

Brashi zioshe kwa sabuni laini kila wiki, zilaze juu ya taulo zikauke. Ukizisimamisha zikiwa na maji, yanaingia kwenye gundi na nywele zinang'oka. Maskara iandike kwa peni tarehe uliyoifungua, miezi mitatu ikiisha itupe hata kama imebaki nusu. Usiijaribu ya dukani iliyofunguliwa kwa wateja wote.

Wanja na maskara haviazimwi, hata kwa dada yako wa tumbo moja. Mapema 2024 macho mekundu yalivyosambaa nchini, niliwaambia wateja wangu wote waje na vyao. Ukiugua, acha kujipodoa macho hadi upone, tupa maskara na wanja wa majimaji uliokuwa ukitumia. Penseli ichonge hadi ifike mpya, pamoja na kuosha kichongeo chenyewe.