Ukitaka fundi wa taarab akutungie kipande cha klarineti

Mchana nafundisha klarineti hapa Mji Mkongwe, usiku napiga ninapoitwa. Kila mwanafunzi akishajua vidole huniuliza: mbona vipande vyetu hakuna? Vya Ulaya vipo tele kwa sababu wapigaji waliwakalia watungaji karibu. Mozart aliandika koncherto (kipande cha ala moja na okestra) yake ya 1791 kwa ajili ya Anton Stadler. Brahms alikwishasema hatungi tena, akamsikia Richard Mühlfeld, na mwaka huo huo wa 1891 akatoa kazi mbili za klarineti. Benny Goodman yeye alilipa: alimwagiza Aaron Copland koncherto, ikamalizika 1948, na mwisho wake ukarahisishwa kwa kuwa ulikuwa mgumu mno kwake. Kwa hiyo usingoje. Nenda kaagize.

Mtafute mtu ambaye nyimbo zake unazipiga hata usipolipwa. Ukubwa wa jina si hoja. Halafu nenda na klarineti yako mkononi, si karatasi ya kuonyesha sauti inaanzia wapi na kuishia wapi. Karatasi ile haimwambii kitu mtu aliyekulia kwenye kanuni na udi, ala za nyuzi za taarab.

Kazi yenyewe iko kwenye maqam, yaani ngazi za sauti za Kiarabu. Kanuni ina vishikizo vidogo vya kupandisha na kushusha nyuzi, na udi hauna vizuizi shingoni, kidole kinatua kinapotaka. Klarineti matundu yake yamepangwa yaendane na piano. Ile sauti ya tatu ya rasti, mojawapo ya maqam, iliyo kati ya mi na mi bemoli (mi iliyoshushwa nusu), humo haimo mpaka uitafute. Na kwa kuwa klarineti ya kawaida ni ya “si bemoli”, yaani do yake inatoka kama si bemoli ya piano, kanuni ikianza rasti kwenye do wewe unasoma re, basi sauti hiyo kwako inaangukia kati ya fa na fa diezi (fa iliyopandishwa nusu). Mimi huanzia fa diezi, nafunika matundu ya mkono wa kulia, nalegeza mdomo mpaka ishuke. Kila klarineti ina ukaidi wake, kwa hiyo vidole vyako vitafute nyumbani kabla hujabisha hodi kwa watu.

Maalim wangu, niliyemwendea anitungie, alinisikiliza macho kayafumba. “Imepanda hiyo, mwanangu. Ishushe.” Nikashusha. “Bado. Haya, hapo hapo, usiondoke.” Akachukua udi akaijibu, na kipande kikaanzia pale, kwenye sauti moja ndefu inayoteremka.

Mwonyeshe pia pabaya. Mtungaji aliyezoea nai, filimbi ya mwanzi, atadhani ukipuliza kwa nguvu sauti inaruka okteva, yaani hadi noti ya nane. Ya klarineti inaruka hadi noti ya kumi na mbili. Na pale katikati, ukitoka sauti za kooni kwenda za juu, karibu vidole vyote vinashuka kwa pamoja. Mpigie polepole, kisha mpigie haraka, mwenyewe atasikia kwa nini asiweke mapambo mengi hapo. Mambo ya kuhamisha noti usimtwishe. Aandike au aimbe kwa sauti anayoisikia, kuhamisha ni kazi yako ya usiku.

Pesa zisemwe siku ya kwanza. Wengi wetu tunaona haya, halafu tunanung'unika barazani. Nusu kabla, nusu kikishakamilika, na karatasi iseme dakika ngapi, ala zipi, na muda gani utakipiga peke yako kabla ya wengine. Kisajiliwe COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kwa jina la aliyetunga, hata kama pesa ni zako.

Tarehe hesabu kwa mwezi wa Kiislamu. Ramadhani vilabu vinanyamaza, Idi kila mpigaji ana pa kwenda. Usimbane mtu humo.

Kwenye mazoezi chunga chombo. Changu ni cha mpingo, mti wa Lindi na Kilwa uliokwenda Ulaya ukarudi una funguo, na kikitoka kwenye kiyoyozi nakiacha kwanza kipate joto: pumzi ya moto ndani ya mti wa baridi ndiyo inayopasua.

Siku ya kukipiga, mtaje mtungaji kabla hujapuliza, na ile nusu ya pili uwe nayo kwenye bahasha.

Kisha kifundishe, la sivyo kitapigwa mara moja kisahaulike. Mimi hukata sehemu fupi isiyovuka pale katikati, naimba, mwanafunzi anarudia kwa mdomo huku anapiga makofi mdundo wa ngoma ya dumbak, noti anaziona baadaye. Wanaoanza wapige kwa ridi (ulimi wa mwanzi wa mdomoni) namba 2, nyepesi, ili sauti ya rasti ishuke bila kuumiza midomo. Nakala hiyo iliyopunguzwa mpelekee maalim kabla hujawagawia watoto. Zipo kona utakazozikata, na wa kuziruhusu ni yeye.