MegaSquirt haiwaki: kagua haya kabla ya kugusa jedwali la mafuta

MegaSquirt, kontroli boksi (kompyuta ya injini) iliyobuniwa na Bruce Bowling na Al Grippo kwa mafundi wanaopenda kulehemu saketi wenyewe, hupima presha ya manifodi, joto na mzunguko wa injini, kisha hufungua nozeli za petroli kwa milisekunde chache. Injini ikigoma, wengi hukimbilia jedwali la mafuta, yaani namba za programu zinazosema petroli kiasi gani iingie. Mara nyingi kosa liko kwenye waya.

Anza na ethi, nyaya za kurudisha umeme. Ethi za boksi zifungwe pamoja kwenye bloku ya injini, nukta moja, chuma kikiwa kimekwanguliwa rangi. Ethi za sensa zirudi kwenye boksi lenyewe. Ukizifunga kwenye bodi ya gari, umeme wa stata na wa koili utapita njia hiyo hiyo na sensa zitasema uongo.

Washa swichi bila kupiga stata, usome laptopu. Presha iwe kama kPa 100 ukiwa Dar es Salaam, karibu 83 ukiwa Nairobi. Injini ikiwa baridi, joto la maji na la hewa yakaribiane. Ukiona -40, waya umekatika au plagi ya sensa haijaingia.

Sasa chomoa nozeli, piga stata. Mzunguko usome kati ya 150 na 250 bila kurukaruka. Sifuri ni sensa ya kranki: sogeza hadi ibaki milimita moja hivi kutoka kwenye meno. Funga taimingi (wakati wa cheche) kwenye nyuzi 10 ndani ya programu, umulike kwa taa ya taimingi na urekebishe pembe ya kuanzia mpaka alama ya puli ya kranki ilingane. Injini ikishawaka, rudia kwenye mzunguko 3000. Alama ikihama kadiri mzunguko unavyopanda, geuza nyaya mbili za sensa. Hapa ndipo pistoni hutobolewa, usiparuke.

Mafuta yana hesabu yake. Injini ya cc 1600, silinda nne, nozeli za cc 240 kwa dakika: silinda yenye cc 400 huvuta hewa gramu 0.48, gawa kwa 14.7 (gramu za hewa kwa gramu moja ya petroli), unapata petroli gramu 0.033, sawa na cc 0.044, yaani milisekunde 11. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia. Nozeli za omu 2 au 3 zinataka rezista, au boksi lenye kikomo cha umeme (PWM) kilichowekwa sawa, la sivyo zinaweza kuunguza boksi.

Jedwali liguse maji yakifika nyuzi 80. Kabla ya hapo boksi linaongeza mafuta kwa sababu injini ni baridi, na utakachopunguza leo kitakosekana injini ikipata moto.