Somo: Kumpokea mtu aletaye kitu cha kale dukani

Somo hili ni la wenye maduka ya sanaa, waongoza watalii na mawakala wa forodha wa hapa Bagamoyo, kwa kuwa mali iliyoporwa vitani haifiki mbali bila mtu wa kuinunua, kuifunga au kuisafirisha.

Kwanza, kitazame kitu kabla ya kusikiliza maelezo ya mwenyewe. Kigeuze uone kitako chake: makumbusho huandika namba ndogo kwa wino, na mporaji huikwangua, hivyo mkwaruzo mpya kwenye kitu kikuukuu ni dalili nzito. Udogo usikupumbaze. Makumbusho ya Baghdad yalipoporwa mwaka 2003, vitu takriban 15,000 vilichukuliwa, maelfu yake yakiwa mihuri ya mawe, midogo kiasi cha kuenea mfuko wa shati.

Pili, uliza kilitoka lini nchini kwake, kwa hati gani. Azimio 1483 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa linakataza biashara ya vitu vya kale vilivyotolewa Iraki isivyo halali tangu Agosti 1990. Azimio 2199 linafanya hivyo kwa Syria tangu Machi 2011. Maneno kwamba kilikuwa cha marehemu babu si hati.

Tatu, kilinganishe na Orodha Nyekundu za Baraza la Kimataifa la Makumbusho, zinazoonyesha aina za vitu vilivyo hatarini kuporwa, na kumbukumbu za vitu vilivyoibwa za Interpol, shirika la polisi wa kimataifa.

Nne, usinunue, hata kwa nia njema ya kukiokoa, maana fedha yako ndiyo inayomtuma mporaji arudi kuchimba. Andika vipimo na alama, kisha toa taarifa polisi au kwa watu wa Idara ya Mambo ya Kale.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, shikamoo. Nikikataa, si atakwenda kwa jirani?

Marahaba. Atakwenda, kwa hiyo mpigie jirani simu kabla hajafika. Kikishavuka mpaka, kazi ni ndefu mno: kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa mwaka 1984 kilirejea kutoka Geneva mwaka 2010.

Na vigae vya vyombo vya Kichina tunavyookota kwenye magofu ya Kaole?

Hivyo si mali ya vita, ila Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Viacheni palepale, na mgeni akitaka kuvinunua mwelezeni sababu.