Kufufua na kuhamisha mkia wa farasi uliotelekezwa

Kabla hujagusa kopo la maji, bonyeza shina. Mkia wa farasi (mmea wa chunguni, kitaalamu Beaucarnea recurvata, na wengi huuita mguu wa tembo) huweka akiba yake ya maji kwenye lile tumbo lililovimba chini ya shina, na tumbo hilo ndilo linalosema kama mmea umeteswa na kiu au umezamishwa. Majani hudanganya. Hugeuka manjano na kukauka ncha katika hali zote mbili, ilhali dawa ya hali moja ni sumu ya nyingine.

Zungusha kidole gumba kwenye tumbo lote, hasa linapokutana na udongo. Lenye kiu limenywea pande zote, gome lina mikunjo, na likibonyea hubonyea sawasawa. Lililooza hulainika mahali pamoja, mara nyingi chini kabisa. Kidole huzama kama kwenye tunda lililoiva kupita kiasi, na pengine hutoka majimaji ya kahawia yenye harufu mbaya. Gome gumu lenye nyufa kavu lisikutishe, huo ni uzee tu.

Kama ni kiu, usiuhamishie chungu kingine kwanza. Udongo uliokauka miezi mingi hukataa maji: ukimwagilia juu, yanapita pembeni mwa chungu na kutokea chini huku mizizi ikibaki mikavu. Tumbukiza chungu kwenye beseni la maji kwa nusu saa, kitoe, kiache kichuruzike kabisa. Tumbo huchukua wiki kadhaa kujaa tena, kwa hiyo usirudie kila siku kwa huruma. Likishaanza kujaa na udongo ukakauka, hamisha.

Kama ni uozo, utoe mmea siku hiyohiyo. Kata sehemu laini kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti, ukikifuta tena kila baada ya mkato, mpaka ufikie nyama ngumu isiyo na doa la kahawia. Kisha uache kivulini, penye hewa, bila udongo, angalau wiki moja kidonda kikauke. Majani ya katikati yakichomoka kwa kuvutwa kidogo, kichwa kimeoza. Lakini tumbo likiwa bado gumu, kata kichwa hicho na usubiri, kwani machipukizi yanaweza kutokeza pembeni.

Chungu ndicho kinachowaponza wengi. Watu huona mmea umebanwa, wakauhurumia kwa chungu kikubwa. Ingawa unafanana na mtende, mmea huu si mtende hata kidogo. Uko jamii moja na katani, asili yake mashariki mwa Meksiko kwenye nchi kavu, na mizizi yake haioni taabu kubanwa. Udongo usiofikiwa na mizizi hukaa na maji siku nyingi, na uozo huanzia hapo. Pima upana wa tumbo, ongeza sentimita 5: tumbo la sentimita 12 linataka chungu cha 17. Kiwe cha udongo wa kufinyanga kikiwezekana, maana hupumua na uzito wake huuzuia mmea usipinduke, na lazima kiwe na matundu chini.

Changanya sehemu 2 za udongo wa kupandia, sehemu 1 ya perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mawe zinazopitisha hewa na maji) na sehemu 1 ya mchanga wa punje kubwa. Mchanga laini hauna faida, huziba nafasi za hewa. Lowesha kiasi, fumbata ngumi, kisha ifungue: tonge likibaki bila kuvunjika ukiligusa, ongeza perlaiti. Wala usitandike kokoto chini ya chungu. Maji husita juu ya tabaka la kokoto badala ya kushuka, na unyevu unasogea karibu zaidi na tumbo.

Siku ya kuhamisha, funga majani kwa kitambaa na uvae glavu, kwani kingo zake zina meno madogo yanayokata. Laza chungu ubavu, pitisha kisu pembeni, kisha toa mmea ukiwa umeshika tumbo, kamwe si majani. Chungu kikigoma, ni afadhali kivunjwe. Pukuta udongo wa zamani, legeza kwa kijiti mizizi iliyojizungusha, kata iliyo myeusi au mitupu ndani. Mizizi mizima ni migumu, rangi ya krimu au kahawia hafifu. Hiyo usiikate zaidi ya theluthi. Ukiona unga mweupe kwenye mizizi, ni vidung'ata, wadudu wadogo wafyonzaji: ioshe mizizi yote na uutupe udongo wa zamani.

Panda kwa kina kilekile cha mwanzo, tumbo likae juu ya udongo. Kulizika ili mmea usimame imara ni kuliozesha. Ukiyumba, ufunge kwenye kijiti. Kisha usimwagilie kwa siku 5 hadi 7, kwa sababu mizizi iliyokatika ni vidonda, navyo vinataka kukauka.

Mmea uliokaa gizani usiutoe juani mara moja, majani yataungua. Usogeze karibu na dirisha kidogo kidogo kwa wiki 2 au 3. Baada ya hapo mwagilia hadi maji yatoke chini, mwaga ya kisahani, na usirudie mpaka udongo ukauke angalau sentimita 5 kwenda chini. Msimu wa baridi, mara moja kwa mwezi mara nyingi inatosha. Mbolea isubiri miezi 2 au 3, na iwe nusu ya kipimo kilichoandikwa.

Ncha za kahawia hazirudi kijani. Zikate kwa mshazari ukiacha uzi mwembamba wa kahawia, maana ukigusa kijani, mkato nao utakauka. Tazama katikati ya kichwa: majani mapya, mafupi na yaliyosimama wima, yakianza kutoka hapo, mizizi imeshika.