Gari la Jimbo Jingine: Kodi Unailipa Wapi?

Mtu akihamia hapa Lowell, Massachusetts, hata wiki haijaisha atakuwa ameshaambiwa: "Gari kanunue New Hampshire, kule hakuna kodi." Nusu yake ni kweli. New Hampshire haina kodi ya mauzo ya jimbo, sawa na Oregon, Montana, Delaware na Alaska. Na Nashua, mji wa kule, ni jirani tu. Lakini kodi ya gari haiangalii yadi ulikonunua. Inaangalia gari litasajiliwa wapi, na ukisajili Massachusetts ni asilimia 6.25, liwe limetoka jimbo lolote lile.

Mimi huwasaidia jamaa wanaofika wapya kujaza makaratasi ya magari, na tatizo ninalokutana nalo ni lile lile: mtu amejipanga kwa bei ya gari, kodi hakuiweka kwenye hesabu. Nilimsindikiza binti mmoja anayefanya kazi ya kuhudumia wazee, gari dola 16,000. Kwenye karatasi ya mauziano, mstari wa "sales tax", yaani kodi ya mauzo, ulikuwa na sifuri. Akafurahi. Nikamwambia, dada, hiyo sifuri inasema muuzaji hajakutoza; haisemi hudaiwi. Tukapiga hesabu palepale juu ya boneti: kodi dola 1,000, hati ya umiliki dola 75, usajili wa miaka 2 dola 60. Jumla 1,135, na zote zinatakiwa RMV, ofisi ya jimbo inayosajili magari, kabla hajapewa namba. Alikuwa nazo, lakini zilikuwa zimepangiwa kodi ya nyumba.

Kwa hiyo kabla ya kusaini chochote, muulize muuzaji swali hili: "Kodi ya jimbo langu unaikusanya wewe, au nitaenda kuilipa mwenyewe?" Akisema anakusanya yeye, iandikwe kwenye mstari wake peke yake, kiasi na jina la jimbo, usikubali ichanganywe na "ada". Karatasi hiyo itunze, maana ndiyo utakayoionyesha ukiulizwa. Akisema hakusanyi, zitenge hizo pesa siku hiyo hiyo. Kama unachukua mkopo, uliza mapema kama unagharamia na kodi au ni bei ya gari tu.

Ukishanunua, ajenti wako wa bima ndiye wa kwanza kumwona. Massachusetts haisajili gari bila bima, na ajenti hupiga muhuri kwenye fomu ya maombi ya usajili. Hapo unakwenda RMV na fomu hiyo, hati ya umiliki iliyosainiwa na muuzaji, karatasi ya mauziano na malipo. Usikae na makaratasi ndani; kodi ina tarehe yake ya mwisho, na ukiipitisha utalipa riba na faini.

Ukinunua kwa mtu binafsi, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mnaweza kukubaliana mwandike dola 2,000 kwenye gari la 9,000, lakini haitawasaidia. Massachusetts hulinganisha bei mliyoandika na thamani ya gari kwenye kitabu cha bei, na kodi inakatwa kwenye ile iliyo kubwa. Texas nao wana utaratibu wao: kodi asilimia 6.25 ya bei, au ya asilimia 80 ya thamani waliyoikadiria wao, ipi kubwa. Andika bei ya kweli ulale usingizi. Ila ukihamishiwa gari na mzazi, mwenzi wako wa ndoa, mtoto au ndugu wa tumbo moja, hapa kuna msamaha. Omba fomu yake, hawatakupa usipoomba.

Gari lako la zamani ukilitoa kwa muuzaji kama sehemu ya malipo, Massachusetts hukata thamani yake kwanza. Gari la 16,000, la zamani limekubaliwa 4,000, unatozwa kwenye 12,000: dola 750. California hawakati, unalipia bei nzima.

Na jimbo ulikonunua likikutoza? Kwa kawaida unalipa tofauti tu. Kama kule ulilipa asilimia 4 na nyumbani ni 6.25, unamalizia 2.25, mradi una risiti. Ukilipa zaidi kule, nyumbani hawatakurudishia kilichozidi. Florida, kwa mfano, humtoza mnunuzi mgeni kwa kiwango cha jimbo lake, lakini haivuki asilimia 6 yao.

Sasa hili la kuandikisha gari kwa anwani ya binamu aliye New Hampshire, nasema bila kuzunguka: msifanye. Bima inapangwa kwa kufuata mahali gari linakolala. Ukipata ajali Lowell huku bima inasema gari linalala Nashua, kampuni inaweza kukataa kulipa, na hapo utaanza kutafuta wakili kwa sababu ya dola 1,000. Wale wa mtandaoni wanaokuuzia kampuni ya Montana, ili gari liandikishwe kule kwa jina la kampuni hiyo, wanakupeleka njia hiyo hiyo, kwa bei ya juu zaidi. Majimbo yanajua, na yanawafuatilia.

Ukigundua umetozwa kodi ya jimbo ambalo si lako ilhali hukustahili kutozwa, rudi kwanza kwa muuzaji na nakala ya usajili wa nyumbani umwombe akurejeshee. Kama ameshaipeleka serikalini, nenda kwenye tovuti ya idara ya mapato ya jimbo lile, chukua fomu ya kudai marejesho, ambatanisha karatasi ya mauziano na uthibitisho kwamba gari limesajiliwa kwenu. Madai haya yana muda wake wa mwisho, kwa hiyo yapeleke mapema.