Kufua kulabu na mapambo ya Krismasi mwenyewe, hatua kwa hatua

Kila ikikaribia mwisho wa mwaka naulizwa swali lilelile, nataka kufua mapambo ya Krismasi nianzie wapi, na jibu langu halijabadilika: anza na kulabu. Pambo linapendeza machoni ila kulabu ndo inakufundisha, ukishaweza kutoa ncha safi, kukunja na kusokota basi karibu kila kitu kinachoning'inizwa kwenye sikukuu za baridi umeshakiweza, kilichobaki ni kubadilisha umbo tu.

Jambo la pili, na hili lishike kabla hujawasha moto: uzito. Kitu cha kukaa mtini kiwe chepesi, kitu cha kubeba kiwe na nyama. Wengi wanageuza, wanafua pambo nene utafikiri nanga halafu kulabu wanaitengeneza kwa waya. Chuma cha mraba cha milimita 10 kina kama gramu 785 kwa mita moja, kwa hiyo kipande cha sentimita 15 ni gramu 118 hivi, tundika hiyo kwenye tawi uone linavyolala. Cha milimita 6 kwa urefu huohuo ni gramu 42 tu, na ukikichonga ncha ndefu macho yanakiona chepesi zaidi ya hapo.

Chuma gani na vifaa gani

Tafuta chuma laini cha kawaida, kile chenye kaboni chini ya asilimia 0.25, cha mviringo cha milimita 6 na cha mraba cha milimita 6 na 10, pamoja na flati baa (chuma bapa) ya milimita 25 kwa 6. Nondo za ujenzi zinafulika, sikatai, ila ugumu wake hautabiriki na zile mbavu zake zinaacha mikunjo, mimi nondo natengenezea vitu vya kujifunzia tu. Misumari mikubwa ni mizuri sana kwa mapambo madogo. Ila chochote kilichopakwa zinki usikiingize motoni kabisa, hata kama ni kipande kidogo, zinki inachemka kwenye nyuzi 907 na chuma tunakifua juu ya hapo, ule moshi mweupe ukiuvuta unakulaza na homa.

Vifaa: fuawe, yaani chuma unachofulia juu yake (au kipande kizito cha chuma kilichokaa imara), nyundo ya kama kilo moja, koleo linaloshika chuma chako bila kuteleza, jiliwa ya kubania, tindo ya kuchorea, panchi ya kutobolea, tupa, brashi ya waya, ndoo ya maji. Moto uwe wa mkaa, makaa ya mawe au gesi, vyote vinafanya kazi, mradi upo mahali hewa inapita maana ile hewa ya sumu ya mkaa haina harufu. Miwani ya macho ni lazima. Vaa nguo za pamba, sio zile za plastiki zinazoyeyuka na kukugandia mwilini, na mkono wa nyundo usivae glavu, utapoteza mshiko.

Na chuma cheusi, kile kilichopoteza wekundu ila bado kina moto, usikiamini. Chekundu kila mtu anakikimbia, cheusi ndo kinachounguza watu. Mimi niliwahi kuokota kulabu yangu mwenyewe sakafuni, nilikuwa nimeiangusha dakika mbili kabla nikasahau, vidole vitatu vikala wiki nzima bila kushika nyundo. Siku hizi kila kitu kinachotoka kwenye fuawe kinaenda sehemu moja, na kabla sijashika napitisha kwanza mgongo wa mkono juu yake kwa mbali.

Rangi ya moto

Usiangalie saa, angalia rangi. Piga chuma kikiwa cha machungwa kinachoelekea njano, kikirudi wekundu wa giza acha, rudisha motoni. Ukiendelea kupiga kikiwa kimepoa unachosha mkono na unatengeneza nyufa ambazo utaziona mwishoni, wakati pambo limeshakuwa zuri, inauma hiyo. Upande wa pili ukikisahau motoni kikafika weupe na kuanza kurusha cheche kama fataki ujue kimeungua, hakuna dawa, kata hiyo ncha tupa. Chuma cha milimita 6 kinaungua haraka ajabu, ncha yake ndo zaidi, kwa hiyo usiweke vipande vitano motoni kwa pamoja eti unaokoa muda. Viwili, vitatu ukishazoea.

Hatua ya 1: kulabu ya S

Kata milimita 6 ya mviringo, sentimita 18. Ukitaka saizi nyingine chukua waya laini, ukunje umbo unalolitaka, halafu unyooshe upime, hiyo inakutosha kuliko hesabu yoyote.

Pasha ncha moja, weka kwenye ukingo wa mbali wa fuawe, inua kidogo mkono ulioshika chuma na nyundo nayo ilale kidogo, ili ncha ibanwe kati ya miteremko miwili. Hapa ndo watu wanaharibu: wanapiga huku wakizungusha chuma wakitaka kibaki mviringo tangu mwanzo. Usifanye hivyo. Kifanye kwanza cha mraba, piga, geuza robo, piga, geuza robo, mpaka urefu wa ncha umeupata (sentimita 3 hadi 4 zinatosha), ndo uvunje zile kona nne ziwe nane, halafu ndo uzungushe kwa mapigo madogo madogo. Ukizungusha mapema katikati ya chuma panaachana, ncha inapasuka inakuwa kama mdomo wa samaki.

Ncha ikitoka usiiache kali, itararua soksi na kukwaruza rangi ya mlango. Pasha tena, toa nje ya ukingo wa fuawe milimita 8 hivi, igonge ielekee chini, kisha geuza ncha itazame juu na uisukume irudi kwako kwa mapigo mepesi mpaka ijifunge kajiduara. Mapigo mepesi nimesema, nyundo ifanye kama inagonga mlango wa mtu aliyelala.

Fanya hivyohivyo upande wa pili, ila ule upande wa kwanza ushike kwa koleo nje ya moto, usije ukarudi ukakuta kajiduara kameyeyuka. Viduara vyote viwili vikiwa tayari ndo unakunja tumbo kwenye pembe ya fuawe, ule mdomo wake wa mviringo: kiduara kitazame nje, upinde uende upande wa pili wake. Pinda kidogo, sogeza, pinda kidogo, sogeza, ukipiga sehemu moja tu unapata kona badala ya upinde. Upande wa pili pinda kinyume, umepata S. Ilaze juu ya fuawe, ikiyumba igonge kwa nyundo ya mbao ilale sawa.

Ya kwanza itakuwa mbaya. Ya sita hivi utaanza kuona zinafanana.

Hatua ya 2: kulabu ya jani, ya kutundikia shada

Hii ndo ninayoipenda kuliko zote, na mlangoni chini ya shada la majani inakaa vizuri mno. Tumia mraba wa milimita 10, na anza ukiwa na fimbo ndefu ambayo unaishika kwa mkono bila koleo, utakata baadaye.

Toa ncha fupi kwanza, nene, kama ya penseli iliyochongwa vibaya. Kisha rudi nyuma sentimita 2 kutoka nchani, laza hapo kwenye ukingo wa fuawe ulio butu kidogo, upige nyundo yako ikiwa nusu juu ya fuawe nusu hewani. Geuza robo, rudia. Inatokea shingo, na mbele yake kinabaki kidonge kinachofanana na tunda la msonobari (ukitaka kuishia hapo, kichore mistari ya mkingamo kwa tindo, ni tunda la msonobari kweli, ni pambo tayari). Kama ukingo wako ni mkali kama kisu utakata shingo nusu na jani litadondoka siku ya sikukuu yenyewe, usawazishe kwa tupa kwanza.

Sasa refusha ile shingo kwa sentimita 8 hadi 10, mraba, nane, mviringo, kama hatua ya 1. Ndo upashe kidonge na ukibonde kiwe bapa: mapigo ya kwanza katikati, ya pili yasukume chuma pembeni, jani linajifungua lenyewe. Lifikishe unene wa milimita 2, chini ya hapo motoni linaungua kabla kikonyo (ile shingo) hakijawa chekundu. Mshipa wa kati uchore na tindo butu jani likiwa la moto, mishipa ya pembeni miwili mitatu inatosha, mtu anayechora kumi anaishia na kitu kinachofanana na chanuo.

Kata fimbo, acha kama sentimita 7 nyuma ya kikonyo. Mwisho huo ubonde bapa kwa ajili ya skrubu. Tundu toboa na panchi chuma kikiwa cha machungwa: piga mpaka uhisi panchi inagota kwenye kitu kigumu, geuza, utaona doa jeusi upande wa pili maana pale panchi ilipobana pamepoa haraka, weka panchi juu ya doa hilohilo, sogeza juu ya tundu la fuawe, pigo moja kipande kinadondoka. Panchi yenyewe izamishe majini kila baada ya mapigo matatu, la sivyo inalainika na kukwama humo. Kama una drili subiri chuma kipoe utoboe, hakuna atakayekucheka. Mwisho kabisa kunja kikonyo kwenye pembe kiwe kulabu, jani likitazama nje.

Hatua ya 3: barafu inayoning'inia na kifimbo cha peremende

Zote mbili ni mraba wa milimita 6 uliosokotwa. Barafu, namaanisha ile inayoganda ikishuka kutoka ukingo wa paa, chukua sentimita 12, upande mmoja toa ncha ndefu sana mpaka karibu nusu ya kipande, upande wa pili tengeneza kiduara cha kupitishia uzi. Kifimbo ni sentimita 15, ncha fupi pande zote, kisha mpindo wa mkongojo juu. Kusokota kunatangulia mpindo, ukishapinda huna pa kushika.

Pasha sehemu yote ya kusokotwa iwe rangi moja. Rangi moja kweli, sio kidogo huku nyeupe kule nyekundu, kwa sababu palipo moto zaidi panazunguka zaidi. Bana mwisho mmoja kwenye jiliwa, mwingine shika na spana, zungusha bila kusita. Ukiona sehemu inakaza kuliko nyingine imwagie maji kidogo kutoka kwenye kopo, inaganda pale pale na mzunguko unahamia kwenye sehemu iliyolegea. Kikipinda kinyooshe kwa nyundo ya mbao juu ya gogo, nyundo ya chuma inalaza kona zote na kona ndo urembo wenyewe.

Hatua ya 4: kulabu ya rafu kwa ajili ya soksi

Hii haina skrubu, inakaa juu ya rafu kwa uzito wake, na wengi wanaikosea hesabu mpaka soksi inaanguka nayo usiku na kuamsha nyumba nzima. Flati baa ya 25 kwa 6 ina kama kilo 1.18 kwa mita, kwa hiyo kitako cha sentimita 20 ni gramu 235, na uzito wake wa kati upo sentimita 10 nyuma ya ukingo. Kulabu ikitokeza sentimita 2 mbele, kinadharia soksi ya kilo 1.2 hivi ndo inaanza kuiinua, ikitokeza sentimita 5 inashuka chini ya nusu kilo, na hapo mtoto hajavuta.

Dawa ni kukunja. Shusha mwisho wa mbele chini ya rafu kwa kona, kisha upinde urudi NYUMA, ili pale soksi inapokaa pawe chini ya rafu, nyuma ya ukingo. Hapo uzito wa soksi unaibana kulabu badala ya kuiinua. Inataka rafu ambayo chini yake pako wazi angalau sentimita 5 nyuma ya ukingo na mpindo uliopimwa kwa unene wa rafu yenyewe, pima kwanza, acha milimita 2 za ziada na ubandike kitambaa chini isikwaruze. Na kama chini ya rafu kuna moto unaowaka, soksi zitundike sehemu nyingine.

Hatua ya 5: kumalizia

Chuma kikiwa bado chekundu kisugue na brashi ya waya, magamba yatoke, yakipoa yanang'ang'ania. Acha kifike weusi, kikiwa bado na moto wa kutoa moshi nta ikigusa lakini isishike moto, pakaa nta ya nyuki, inapenya na kuacha weusi mzuri unaong'aa kidogo. Ikiwaka umewahi, ikiganda kama mshumaa umechelewa. Kwa barafu na majani kuna ujanja mwingine: kabla ya nta sugua na brashi ya waya wa shaba ya njano chuma kikiwa kimeshapoteza wekundu ila bado kina moto mkali, shaba inabaki juu yake na kona za msokoto zinatoka rangi ya dhahabu. Usimalize kila kitu hivyo, moja kati ya tatu inatosha.

Nta inafaa ndani tu. Kulabu ya mlango wa nje ipake rangi ya chuma, theluji na mvua hazina adabu. Na zile za soksi zifute na kitambaa kikavu zikipoa, zifute tena kesho yake, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe.