Kuunganisha Spika Bila Kutandaza Waya Nyumbani

Katika nyumba nyingi za mawe za kupanga mjini Kisumu, mwenye nyumba hakubali ukuta utobolewe ili waya wa spika utoke sebuleni hadi barazani, nao ukilazwa chini ya zulia huishia kukatwa na miguu ya makochi. Sauti inaweza kupitishwa hewani, ila kabla ya kununua chochote, geuza spika zako uzitazame mgongoni. Spika yenye vibanio viwili tu vya waya, chekundu na cheusi, isiyo na plagi, haina amplifaya, yaani kikuza sauti, ndani yake, kwa hiyo ni lazima iwekewe amplifaya ndogo kando na soketi ya kuiwashia. Amplifaya moja ya stereo hutosha spika mbili zilizo karibu, mradi chekundu kiende kwa chekundu kwenye zote mbili. Ukigeuza upande mmoja, besi hufifia.

Zima mitambo yote, kisha uchomeke transmita ya Bluetooth, kifaa kidogo cha kurusha sauti hewani, kwenye tundu la redio lililoandikwa LINE OUT, au la visikizi. Usiiunganishe kamwe na vibanio vya spika, kwa kuwa umeme utokao hapo unaweza kuiunguza. Risiva, yaani kifaa cha kuipokea sauti hiyo, nayo iingie kwenye tundu la AUX la amplifaya ndogo. Washa transmita na risiva zikiwa mezani pamoja, uzioanishe hadi taa ziache kumetameta, ndipo uipeleke risiva barazani, sauti ikiwa chini.

Bluetooth ya kawaida hufika takriban mita 10 mahali pa wazi, na ukuta wa mawe hupunguza umbali huo. Transmita yangu ilikuwa ikikatakata muziki wa benga kila jioni, kumbe nilikuwa nimeificha nyuma ya televisheni, ubavuni mwa ruta ya Wi-Fi inayotumia masafa yaleyale ya gigahezi 2.4, nilipoipandisha juu ya kabati, ikielekea mlangoni, ilitulia. Kwa kutazama mpira sikupendekezei njia hii, kwani sauti huchelewa kidogo na mtangazaji hushangilia bao wakati wachezaji wameshaanza kukumbatiana.

Wala usijaribu kupitisha sauti kwenye nyaya za umeme zilizomo ukutani, kwani volti 240 huua. Na wingu likitanda juu ya milima ya Nandi alasiri, chomoa plagi za redio na za amplifaya ndogo kabla radi haijaanza.